Mwendaji na Mzigo Wake

Walthamstow, London
9 Oktoba 2022

Mdogo wangu Wanjohi,

Salamu hizi zikukute na afya njema na kuni za kutosha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, lakini ni malalamiko ya uzee, hayana mashtaka.

Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, ya pili nikiwa nimekaa, ya tatu kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwasomea wanafunzi swali gumu la fizikia. Umefanya vyema kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu sisi wawili hukatizana. Karatasi haimkatizi mtu.

Unaniambia kwamba Mama alipofariki hukuwa na kibali cha kuishi Sweden, na kwamba ungetoka usingeruhusiwa kurudi. Miaka kumi na mmoja, Wanjohi! Mimi nilijua tu kwamba hukuja wala hukujibu. Nikasimama mbele ya watu pale Nakuru, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, nikasema, "Asiyezika harithi." Najua maneno hayo yalikufikia. Maneno ya namna hiyo hayahitaji stempu. Kisha nikaichukua cherehani ya Mama, ile ya mkono, nikaileta London. Iko hapa kando ya dirisha, na juu yake nimeweka chungu cha maua kana kwamba ni meza. Kila ninapoyamwagilia nakumbuka kwamba aliyekuwa akiuzungusha ule mkono si mimi. Ni wewe, una miaka sita, ulimi nje, na Mama anakuambia, "Polepole, dereva."

Umenialika mwezi wa pili. Nitakuja, na nitakuja kuomba radhi, nikuambie mapema usije ukadhani ni matembezi. Unaikumbuka sheria ya Mama? Aliyekosa huja kwa miguu yake, wala haji mkono mtupu. Ulipovunja dirisha la Mzee Kizito wa stesheni, alikutuma na kuku kwapani, nyumba zote za reli zikikutazama. Sasa ni zamu yangu.

Unasema gari huishia barabarani, na kutoka hapo hadi kwako ni kilomita moja na nusu ya theluji. Hiyo nitaitembea. Nimesikia kuna viatu vipana vya kukanyagia theluji. Nitavitafuta visivyo ghali, maana pensheni ya mwalimu haijui utalii.

Nakuombea usingizi mwema.

Dada yako,
Peris


Jokkmokk
22 Oktoba 2022

Dada Peris,

Pole na goti. Hapa ni wazima, mimi na paka. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, ikayeyuka, ikaanguka tena kama mtu aliyesahau kitu.

Umenichekesha. "Nimesikia kuna viatu vipana." Dada, vyangu vinaning'inia nyuma ya mlango huu ninapoandika! Nimevivaa majira kumi na manne ya baridi kwenda kutengeneza mabomba ya watu.

Jirani yangu Aslak anakaa pale barabara inapoishia, naye ana pikipiki ya theluji. Angekufikisha kwangu kwa dakika nne. Lakini nakujua. Ukishasema utatembea, hata treni ikisimama mbele yako utaipisha. Basi nisikilize. Usinunue vile vya wapanda milima, vyenye chuma cha kuinua kisigino na bei ya mbuzi watatu. Njia yangu ni tambarare, inafuata ukingo wa ziwa. Na si lazima ununue. Kuna duka mjini linalokodisha kwa siku.

Mwezi wa pili jua huwa limerudi, lakini halipandi. Linatembea chini chini nyuma ya misonobari, kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha. Kila kitu huwa buluu, hata moshi. Wageni wengine husema ni kama kuishi ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mimi nimezoea.

Kuhusu lile neno la kaburini, sitaandika kitu. Si kwa hasira. Sijui nianzie wapi.

Mdogo wako,
Wanjohi


Walthamstow
13 Novemba 2022

Mdogo wangu,

U hali gani? Na paka? Mimi nipo. Tumerudisha saa nyuma, na sasa jioni inaingia kama jirani asiyebisha hodi.

Ushauri wa kukodi ni mzuri, na ningekuwa mwalimu wa mtu mwingine ningempa huohuo: anayejaribu kwa siku moja akodi kwanza. Lakini kitu cha kukodi hurudishwa jioni, nami nataka miguu yangu na hivi viatu vifahamiane kabla ya kufika kwako.

Sasa nikueleze nilivyojifunza. Ndiyo, wewe ndiye uishiye na theluji. Nivumilie, ualimu ni ugonjwa usio na dawa. Unakumbuka masika, tope lilipojaa kati ya mlango na choo, Mama akatandika ubao? Tulipita juu yake bila kuzama. Ubao haukutupunguzia uzito hata chembe. Uliugawanya tu, kila kipande cha tope kikabeba kidogo. Hivi viatu ni ubao ule, umefungwa mguuni. Kwa hiyo ukubwa wake hauhusiani na unyayo. Unahusiana na uzito. Kosa la kwanza la mgeni ni kumuuliza muuzaji, "Una namba saba?" kama anayenunua viatu vya kanisani.

Mimi nililifanya kosa hilo mbele ya Rasik. Rasik ana meza katika soko letu refu, mbele kidogo ya wauza vitambaa. Huuza vitu vya kambi vilivyotumika: mahema, majiko, taa. Amezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kupanda ndege.

"Mwalimu," akasema, "unataka hizi zinazofanana na raketi za tenisi?"

"Nataka za kutembelea juu ya theluji, Rasik. Una namba saba?"

"Namba saba! Hizi si sandali. Theluji ya wapi? Hapa ikianguka ya kijiko kimoja treni zote zinalala."

"Ya Sweden. Kwa ndugu yangu."

"Ndugu yako hana gari?"

"Analo. Mimi ndiye sina haki ya kubebwa."

Akainama chini ya meza. Alikuwa na jozi mbili. Moja ndefu, inchi thelathini, ya fremu ya alumini. Nyingine fupi, inchi ishirini na tano, ya plastiki ya rangi ya chungwa. Nikazichunguza kama ninavyokagua mihogo. Kwanza niliikunja mikanda, kwa sababu mpira uliozeeka hupasuka pale pale unapokunjwa. Kisha nikapapasa ribiti zote, na nikahakikisha yale meno ya chuma chini ya vidole hayajalika, maana ndiyo yanayouma barafu. Mwisho nikavaa glavu zangu za sufu nikafunga na kufungua mara tano. Mkanda usiokubali glavu utakutaka uvue glavu, na baridi ya kwenu, nasikia, haisubiri mtu avae tena.

"Chukua kubwa, Mama," Rasik akasema. "Kubwa haizami."

"Kubwa inachosha nyonga. Na bei yake je?"

"Bei yake ni kubwa pia."

Hivi vifupi vilikuwa na karatasi ya maelezo, Rasik akaisoma akiwa ameishikilia mbali na macho. "Hadi kilo themanini, mwendaji na mzigo wake. Una kilo ngapi?"

"Rasik! Sitini na nane."

"Na mzigo?"

"Mzigo gani? Mimi ni mtu mzima, naenda kwa ndugu yangu."

Akacheka. "Haya. Pauni thelathini na tano, na fimbo mbili za kushikia nakupa bure, kwa ajili ya Kisumu."

Basi ninavyo, viko chini ya kitanda. Sasa ombi langu, na hili ndilo nililokuwa nikilizunguka kurasa zote hizi. Usije kunipokea barabarani. Kaa ndani kwako, uniache nifike mlangoni kama mtu aliyekosa anavyofika. Kama unakubali nije hivyo, niandikie neno moja tu: ndiyo. Bila neno hilo sitakuja, maana mlango ni wako.

Dada yako,
Peris


Walthamstow
12 Desemba 2022

Mdogo wangu Wanjohi,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, ila nimekuwa nikiamka mapema kusikiliza mlango wa barua.

Mwezi mmoja sasa na neno lako halijafika. Posta hapa wamegoma, wanarudi siku mbili, wanagoma tena. Huenda ndiyo sababu. Huenda siyo. Mwaka ule niliusoma ukimya wako kana kwamba ni barua iliyoandikwa na kutiwa sahihi, nikaijibu mbele ya kaburi. Mara hii nimeamua ukimya ubaki ukimya. Sitauandikia maneno kwa niaba yako.

Lakini sikiliza kilichotokea. Jana usiku theluji ilianguka London! Si ya kijiko. Nimeamka barabara yetu imenyamaza kabisa, magari yamekuwa mikate. Nikachukua viatu vyangu nikaenda nyanda zile za majimaji kando ya mto Lea, nikavifunga nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Hatua kumi za kwanza nilijikanyaga mwenyewe mara mbili. Kisha nikaelewa: miguu iachane kidogo, kama mtu anayetembea na mtoto kati ya magoti. Usirudi nyuma, utajikwaa kwenye mkia wa kiatu. Ukitaka kugeuka, zunguka kwa hatua ndogo ndogo. Nikatembea. Ukungu ulikuwa chini, nguzo za umeme zimekatwa miguu, zinaelea. Farasi mmoja wa zizi la jirani alisimama akinitazama, mvuke ukimtoka puani. Sikusikia treni, sikusikia ndege. Kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilidhani nikiendelea moja kwa moja nitaona moshi wa nyumba yako.

Mtu mmoja mwenye mbwa akanisimamisha, akaniuliza kwa heshima zote kama kuna taarifa ya hali ya hewa ambayo yeye hajaisikia.

Tikiti nimekata, ya tarehe tisa Februari. Inaweza kubadilishwa. Bado nangoja neno lako.

Dada yako,
Peris


Jokkmokk
30 Desemba 2022

Dada yangu,

Heri ya mwaka unaokuja, na goti lako liuone kwa amani. Mimi nina mafua kidogo tu.

Barua zako mbili zimefika leo, zimefungwa kwa mpira mmoja kama mapacha. Ya Novemba ilinifikia usingizini kabla ya hapo: niliiota. Natania. Ukweli ni kwamba nilichoka kuingoja, nikakuandikia tarehe ishirini na nne Novemba bila kuipata. Ndani nilikupa maelezo ya viatu, hasa jambo moja kuhusu uzito ambalo kila mgeni hulikosea. Sitalirudia hapa, barua hiyo bila shaka itakufikia kabla hujafunga begi, na mwalimu hapendi kurudiwa.

Neno ulilotaka ni hili: ndiyo.

Ndiyo, njoo unavyotaka kuja. Sitakuja barabarani. Nitakuwa dirishani, na Aslak ameniazima darubini, hiyo usinikataze. Fuata vijiti vyekundu vilivyosimikwa ukingoni mwa ziwa. Siku ambayo pikipiki yake imepita, njia huwa ngumu kama meza. Ikiwa usiku wake theluji imeanguka, utakuwa unatembea juu ya unga. Usiende haraka.

Siku hizi jua halitoki kabisa. Saa sita mchana mbingu inakuwa na rangi ya ndani ya kombe, dakika chache, halafu basi. Nimekuwa nikiota cherehani. Mama hayupo kwenye ndoto, wala mimi. Ni ule mlio wake tu.

Mdogo wako,
Wanjohi


Walthamstow
21 Februari 2023

Mdogo wangu,

Nimefika nyumbani salama, na natumaini barua hii inakukuta ukiwa na ule mchuzi wa mwisho. Goti limevimba, lakini linajivuna.

Nilipofungua mlango, kwenye zulia palikuwa na barua yako ya tarehe ishirini na nne Novemba. Miezi mitatu njiani! Nikaisoma nikiwa nimesimama na koti. Mstari wa nne: "Dada, pima uzito ukiwa na begi mgongoni, maana nakujua, hutakuja mkono mtupu." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Wewe uliona kwa darubini. Acha nikueleze ilivyokuwa kwa ndani.

Nguo niliziacha kwa Aslak. Mgongoni nikabeba cherehani, unga wa wimbi kilo nne, na majani ya chai. Aslak alilitazama begi, akanitazama mimi, akasema neno moja la Kiswidi. Sasa nadhani nalijua maana yake.

Usiku uliotangulia theluji ilikuwa imeanguka. Vijiti ishirini vya kwanza nilikwenda vizuri. Kisha mguu wa kulia ukazama hadi kwenye goti, nikauvuta, wa kushoto ukazama. Nikasimama katikati ya buluu ile yote, na mwalimu wa fizikia ndani yangu akaamka, akiwa amechelewa kama kawaida. Sitini na nane. Kumi na moja za cherehani. Nne za wimbi, moja ya chai. Themanini na nne, juu ya theluji ya unga. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu kwamba uzito ni jumla ya vyote vinavyokanyaga, halafu nikajipima bafuni, nikiwa na nguo ya kulalia! Unajua ni kwa nini? Kwa sababu zawadi kwetu haihesabiwi kuwa mzigo. Tangu utotoni tumebeba ndizi na kuku kwenda kwa watu, na hakuna aliyewahi kuuliza vina kilo ngapi.

Ningeweza kuuacha unga wa wimbi. Cherehani nisingeweza. Nikakaa juu ya begi. Maneno yangu ya radhi, niliyoyapanga tangu Oktoba, kwanza, pili, tatu, yote yalikuwa yamepeperuka. Palikuwa kimya sana. Nikakusikia kabla sijakuona, ule mkwaruzo wa viatu vyako.

"Dada," ukasema, "umebeba reli?"

"Nimebeba cherehani."

Ulinyoosha mkono kulichukua begi, nikakataa. Nilidhani tutagombana palepale, kama kwenye simu. Badala yake ukageuka, ukanipa mgongo, ukaanza kurudi ulikotoka, ukikanyaga kila hatua mara mbili, ukiibana theluji. Nikaelewa. Nikaweka mguu wangu ulipoweka wako, na haukuzama. Nilikuwa bado kwa miguu yangu, na mzigo wangu mwenyewe. Sheria ya Mama haikuvunjika hata kidogo. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyetangulia na wewe ukafuata, kwa sababu nilikutangulia kuzaliwa. Sikujua kwamba nyuma ni mahali pazuri hivi.

Nikasema pale, kwa mgongo wako. Usoni nisingeweza. Nilisema, "Nilikosa, Wanjohi. Ulikuwa na haki ya kurithi, na ya kulia." Hukugeuka. Ila hatua zako zikawa fupi, zikalingana na zangu, hadi mlangoni. Siku kumi tulizokaa hatukulitaja tena, nami sikuuliza. Lakini sasa ziko kilomita nyingi kati yetu, na ninauliza kwa karatasi, isiyokatiza mtu: je, ulinisikia?

Dada yako,
Peris


Jokkmokk
20 Aprili 2023

Dada Peris,

Salamu kutoka kwa paka na kwa Aslak, ambaye bado anawasimulia watu habari zako. Mafua yameisha. Viatu vyako vya chungwa vinaning'inia karibu na vyangu nyuma ya mlango. Usinunue vingine. Mwakani utapima vizuri.

Nisamehe kwa kukawia. Mara hii posta haina kosa. Nilikuwa nangoja kitu, ili nikujibu vizuri.

Kuna jambo la theluji ambalo hukulifundisha, mwalimu, kwa sababu halionekani ila majira ya kuyeyuka. Theluji iliyokanyagwa huwa imebanwa, kwa hiyo huchelewa kuyeyuka. Ile laini iliyoizunguka hushuka kila siku, inashuka, mpaka siku moja unaamka unakuta nyayo hazipo chini tena. Zimesimama juu, kila moja kwenye mguu wake wa theluji, kama sahani zilizopangwa uani kwa ajili ya wageni. Aslak alipitisha pikipiki yake mbali siku zote hizi. Sikumwomba.

Kwa hiyo juzi njia yetu ilitokea. Nimetembea kando yake na kikombe cha chai yako. Kuanzia barabarani zipo zako peke yako. Baada ya vijiti ishirini ni mashimo tu, na pale ulipokaa pana kitako cha begi. Kisha zinaanza zetu, si za watu wawili, ni moja moja, maana ulikanyaga nilipokanyaga. Mwanzoni ziko mbali mbali, hatua za mtu mrefu mwenye haraka. Kidogo baada ya kijiti cha arobaini zinakaribiana ghafla, na zinabaki hivyo hadi kizingitini.

Hapo kwenye kijiti cha arobaini ndipo uliposema. Nilikusikia, Dada. Nilikuwa nalia, na machozi huku huganda, ndiyo maana sikugeuka.

Cherehani nimeitia mafuta. Nimeshona mapazia, yamepinda. Mwezi wa saba nina likizo, na kibali changu kiko mfukoni. Nataka tuende Nakuru pamoja. Gari litatuacha barabarani, na hadi makaburini tutatembea, mimi mbele au wewe, vyovyote.

Jua sasa linapanda kweli. Asubuhi nilihesabu nyayo mia moja na kumi ambazo hazijayeyuka. Jioni hii zimebaki zile zilizo kivulini, kumi na nne, karibu na mlango. Nikitoka kuchota maji napita pembeni.

Mdogo wako,
Wanjohi